Picha ya Sita

Shule ilipotoka saa sita na nusu, Afrah alikuwa na njia mbili za kurudi nyumbani. Ya kwanza ilikuwa fupi, na hakuipita hata siku moja. Ya pili ilizunguka, ikapita mbele ya meza ambapo Mama Chanelle aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, ikamfikisha kwenye duka la vitambaa la babu yake, katikati ya Bwiza, mtaa wa Bujumbura. Hapo aliweka mkoba chini ya meza, akanawa mikono, akaanza kazi aliyoizoea tangu akiwa na miaka tisa: kukunja vitenge ambavyo wateja walivifunua asubuhi nzima, wakavipapasa, wakavisifu, kisha wakaenda zao bila kununua.

"Watu wa Bwiza wanapenda vitambaa vyangu sana," Babu Nasser alikuwa akisema. "Wanavipenda mpaka wanaona huruma kuvitoa dukani."

Afrah alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuwa mvivu wala mkorofi. Shida yake ilikuwa moja tu: kitu chochote kilichofungwa kilimwasha vidole. Alikuwa ameshafungua redio ya mama yake, saa ya ukutani, na simu ya Mjomba Rachid, ambayo tangu siku hiyo ilikuwa ikilia yenyewe bila kupigiwa na mtu. Kila mara alisema alitaka kuona tu. Na kila mara ilikuwa kweli.

Mwezi wa Mei, Bibi Ghada alikuja kutoka Muskati. Alikuwa dada mkubwa wa Babu Nasser, na hakuwa amekanyaga Bujumbura kwa miaka thelathini na mbili. Nyumba nzima ilijiandaa kumpokea mgeni wa heshima. Akashuka garini, akatazama duka, akamtazama ndugu yake kuanzia kofia mpaka kandambili, akasema kwa Kiswahili cha Bwiza ambacho hakikupungua hata neno moja:

"We Nasser! Mi niliacha kijana hapa. Nani amemweka huyu mzee?"

"Kijana alichoka kukungoja, dada," Babu akajibu. "Alisema nikupokee kwa niaba yake."

Wakacheka, wakakumbatiana, wakalia kidogo, wakacheka tena. Kwa siku kumi zilizofuata hawakuacha kutaniana, na Afrah alikunja vitenge vibaya sana kwa sababu masikio yake yalikuwa kwao.

Siku ya pili Bibi Ghada aliuliza, "Ile kamera ya Baba bado ipo?"

Babu aliingia chumba cha nyuma, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kilemba cha zamani. Kilikuwa bapa, cheusi, kama kitabu kinene. Afrah alikuwa amekiona mara nyingi juu ya kabati akidhani ni kitabu kweli. Babu alibonyeza kitufe, mlango wa mbele ukaanguka, na lenzi ikajitokeza ikivuta nyuma yake mfuko wa ngozi wenye mikunjo mikunjo.

"Yewe!" akapiga kelele Chanelle, rafiki yake Afrah, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu cha mama yake kichwani. "Inatoa ulimi!"

Bibi Ghada alieleza. Zamani, yeye akiwa na miaka kumi na Nasser ana sita, baba yao aliwapiga picha kwa kamera hiyo wakiwa wawili, juu ya ngazi ya duka hilihili. Picha hiyo aliondoka nayo kwenda Muskati, akaiweka sandukuni, na mchwa wakaila yote wakaacha fremu. Tangu hapo hawakupata tena kupigwa picha wakiwa pamoja.

"Nina simu, Shangazi," Mjomba Rachid alisema. "Simameni hapo, dakika moja tu, nawapiga hata mia."

"Piga mia, mwanangu. Hizo nitazitazama ndani ya ndege, kisha sitajua ziko wapi. Mi nataka moja ya kutundika, na nataka itoke katika kamera ya Baba. Nina miaka sabini na nane. Sidhani kama nitapanda tena ndege kuja huku. Hiyo ndiyo nimeifuata."

Babu alikuwa na mkanda mmoja tu wa filamu, aliotumiwa na rafiki yake. Mkanda mmoja ulikuwa na picha nane. Nane basi, si elfu kama za simu, na Babu alizitumia kama mtu anayegawa asali kwa kijiko cha chai. Kabla ya kumpiga mtu, alimkalisha kwanza anywe kikombe cha chai ya tangawizi, kwa sababu, alisema, mtu aliyetoka barabarani sasa hivi uso wake bado uko barabarani. Kisha alichukua mita yake ya mbao, ileile ya kupimia vitambaa, akapima kutoka lenzi mpaka puani kwa mtu, maana kamera hiyo haikuwa na akili ya kujirekebisha yenyewe. Akazungusha lenzi mpaka kwenye namba aliyoipata. Mwisho akahesabu kwa Kirundi, "Rimwe, kabiri, gatatu," na mtu hakuruhusiwa kupumua mpaka asikie mlio mdogo: tik.

"Tuone!" Afrah alisema baada ya picha ya kwanza, akakimbilia nyuma ya kamera.

Nyuma hapakuwa na kioo cha kutazamia. Palikuwa na kidirisha chekundu, kidogo kama shilingi, na ndani yake ilionekana namba moja.

"Haionekani," Babu alisema. "Mpaka mkanda uishe, Rachid aupeleke Nairobi kwa mtu anayejua kuusafisha, na picha zirudi. Mwezi mmoja hivi."

Chanelle alicheka mpaka kikapu kikayumba. "Mwezi mzima! Mzee Nasser, si afadhali uchore tu?"

"Na nyuma haifunguliwi mpaka mkanda uishe," Babu aliongeza. Hakueleza kwa nini. Siku zake za ujana, kila mtoto alijua kwa nini, kama anavyojua kwamba moto unaunguza. Alisahau kwamba mjukuu wake alizaliwa wakati picha zinaonekana kabla mtu hajamaliza kutabasamu.

Siku zikapita. Picha ya kwanza ilikuwa ya Bibi Ghada na mama yake Afrah. Ya pili Bibi Ghada na Mama Chanelle, ambaye jina lake ni Odette, na ambaye alikataa kuacha ndagala zake akapigwa nazo. Ya tatu, ya nne na ya tano zilikwenda kwa majirani wa zamani. Alhamisi alasiri, Babu alizungusha kitasa cha juu mpaka namba sita ikasimama kwenye kidirisha chekundu, akasema, "Hii ni yetu, dada."

Wakakaa juu ya ngazi, wawili. Babu alipima kwa mita, akarekebisha lenzi, kisha akamwita Afrah.

"We utabonyeza."

"Mi?"

"Nani mwingine? Mi siwezi kuwa huku na kule. Shika kama unashika bakuli la mchuzi wa moto. Usitikise."

Afrah alishika kamera mpaka vidole vikapauka. Akahesabu mwenyewe, rimwe, kabiri, gatatu, akabonyeza. Tik. Bibi Ghada akapiga makofi. Babu akakunja kamera na kuiweka juu ya rafu ya dukani, tayari kwa picha mbili zilizobaki.

Ndipo vidole vilipoanza kuwasha.

Babu alipokwenda kusali alasiri, Afrah na Chanelle walibaki dukani.

"Unajua kama imetoka?" Chanelle aliuliza.

"Imetoka. Nilisikia tik."

"Hata mlango wetu unafanya tik. Labda ulitikisa. Labda umewakata vichwa."

"Sikuwakata!"

"Sasa utajuaje? Mwezi mzima uko wapi?" Chanelle alisogea karibu. "Si picha iko mule ndani? Fungua kidogo tu. Tutazame, tufunge."

Msomaji, huenda wewe ungekataa. Afrah aliichukua kamera, wakaenda nayo uani, kwenye jua zuri ili waone vizuri. Akapata kibanio cha pembeni, akakivuta. Mgongo wa kamera ukafunguka. Ndani palikuwa na karatasi nyeusi iliyokazwa kati ya vijiti viwili, na namba sita imeandikwa juu yake. Hapakuwa na Babu wala Bibi Ghada.

"Labda wako chini ya karatasi," Chanelle alisema.

Afrah aliingiza ukucha, akainua karatasi. Chini yake palikuwa na utepe wa rangi ya kijivu unaong'aa, mtupu kabisa. Akaugeuza kidogo kuelekea jua, akatazama kwa jicho moja. Hakuna kitu. Kijiti kimoja kilianza kulegea, naye akaogopa, akabana kila kitu mahali pake, akafunga. Klak.

"Hamna picha," Chanelle alisema kwa huzuni. "Nilikwambia ulitikisa."

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, familia ilikaa kwenye mkeka kula pilau. Afrah hakuwa na raha. Akatafuta njia ya kuuliza bila kuuliza.

"Babu, kile kidirisha cha kamera, kwa nini ni chekundu?"

"Ahaa! Swali zuri," Babu alisema, akafurahi kama walimu wanavyofurahi. "Mkanda ule unaogopa mwanga. Lenzi inauonyesha mwanga kidogo tu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na huo ndio unaochora picha. Picha iko pale, lakini imejificha. Haionekani mpaka isafishwe na dawa gizani. Mwanga mwingine ukiingia, hata kwa muda wa kusema bismillahi, unafuta yote. Rangi nyekundu inauzuia mwanga, ndiyo maana kidirisha ni chekundu."

"Kwa hiyo mtu akifungua..."

"Akifungua juani? Picha imekwisha. Hata dawa ya dunia nzima haiirudishi." Babu akatia tonge mdomoni. "Kula, mbona unahesabu mchele?"

Pilau ilikuwa na nyama na zabibu kavu. Afrah aliimeza kama mchanga.

Jioni alimweleza Chanelle. Chanelle alishika mdomo kwa mikono miwili. Halafu akafikiri, maana alikuwa msichana wa kufikiri haraka, na hiyo haimaanishi kila mara alifikiri vizuri.

"Sikia. Bibi anaondoka kesho. Picha zinarudi baada ya mwezi. Zikirudi zimeharibika, watasema mashine imezeeka. Nani atajua? Kamera haina mdomo."

"Ina ulimi," Afrah alisema, lakini hakucheka.

Kweli, hilo ndilo lililomtesa. Angevunja sahani, kelele ingemtaja palepale. Kamera ilinyamaza. Ilimpa mwezi mzima wa kukaa kimya, na mwisho wa mwezi huo Bibi Ghada angekuwa mbali, ngazi ya duka ingekuwa tupu, na hapangekuwa na cha kurekebisha.

Jumamosi saa tano asubuhi, gari la Mjomba Rachid lilisimama mbele ya duka. Masanduku mawili kati ya matatu yaliingia, kisha kapu la maembe, kisha mfuko wa ndagala kavu ambao Mama Chanelle aliufunga kwa kamba mara saba.

"Odette, watanishusha kwenye ndege kwa harufu hii!" Bibi Ghada alisema.

"Apana, Bibi! Utawagawia. Rubani mwenyewe atakuja kuomba."

Avenyu nzima, nyumba zote za barabara ile, ilitoka kuaga. Babu alikuwa amesimama mlangoni na kamera mkononi. "Zimebaki mbili," alisema. "Nitawapiga watoto wa avenyu wiki ijayo, mkanda uishe, Rachid aondoke nao kwenda Nairobi."

Bibi Ghada alimwelekezea Rachid kidole. "We ndiye unaubeba. Picha yangu isipotoka, nitajua ni nani wa kumlaumu."

"Shangazi, nitaubeba kama yai."

"Mayai yako nayajua. Ulipokuwa mdogo ulikalia trei zima."

Watu wakacheka. Rachid akacheka kuliko wote. Afrah alimtazama mjomba wake, akamwona mwezi ujao amesimama mbele ya Babu akiulizwa ameufanya nini mkanda.

Bibi Ghada akamvuta, akamkumbatia. Alinuka udi na tangawizi.

"Mpiga picha wangu," alimwambia sikioni. "Nimeshachagua mahali, ukutani, mkabala na kitanda. Nikifungua macho asubuhi, namwona Nasser. Nikifika tu, napiga msumari."

"Bibi," Afrah alisema, "usipige msumari."

"Kwa nini?"

Maneno yalitoka yote kwa mara moja, kama maji ya bomba lililopasuka. Kwamba alifungua kamera. Kwamba ilikuwa Alhamisi, uani, juani. Kwamba alitaka kuona tu. Kwamba jana Babu alipoeleza alijua amefuta picha, akanyamaza, na usiku kucha alijiambia atasema kesho, na kesho yenyewe ndiyo hii.

Mama Chanelle alisema, "Eh, mutoto huyu!" Bibi Ghada alikaa polepole juu ya sanduku lililokuwa bado chini. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alitazama tu ile ngazi.

"Mi pia nilikuwepo," sauti ndogo ilisema. Ilikuwa ya Chanelle, nyuma ya mama yake. "Mi ndiye nilimwambia afungue."

"Wewe tutazungumza nyumbani," Mama Chanelle alisema.

Babu Nasser alikuja mpaka mbele ya Afrah, akainama ili macho yao yalingane. Afrah alifumba macho akingoja.

"Fungua macho, unijibu vizuri," Babu alisema. "Kwenye kidirisha ilikuwa namba ngapi?"

"Sita."

"Ulifungua tu, au uliinua karatasi?"

"Niliinua. Kwa ukucha."

"Ulivuta mkanda? Ulizungusha kitasa?"

"Apana. Kijiti kimoja kililegea kidogo, nikakibana."

Babu alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Ya kwanza mpaka ya nne zimejiviringa ndani, karatasi imezifunika. Ziko salama. Ya tano, Mungu anajua. Ya sita imekwenda. Ya saba ilikuwa jirani, siiamini." Akasimama wima, magoti yakalia. "Imebaki ya nane. Rachid, ni saa ngapi?"

"Saa tano na dakika ishirini, Baba. Saa sita lazima tuwe njiani."

"Basi tuna wakati. Dada, inuka kwenye hilo sanduku. Twende kwenye ngazi."

Shida ilikuwa jua. Alhamisi alasiri ngazi ilikuwa na kivuli kizuri, lakini karibu na saa sita jua la Bujumbura linasimama juu ya kichwa cha mtu kama askari. Babu alimtazama dada yake chini ya jua hilo, akatikisa kichwa. "Jua hili ni la kukaangia. Macho yatatoka mashimo mawili. Tunahitaji kitambaa cheupe juu, mwanga uchujwe."

Afrah alikimbilia dukani. Vitenge vya maua vilikuwepo, vya samaki, vya funguo na vya miavuli. Cheupe kilikuwa cha aina moja tu, kule chini kabisa, bunda zima. Akarudi nalo mbio. Watu wanne wakashika pembe: Mama Chanelle, Chanelle, fundi cherehani wa jirani, na mpita njia aliyekuwa amesimama tu kusikiliza. Wakainua juu.

Bibi Ghada alitazama kitambaa. Akakitazama tena.

"Nasser. Hiki ni cha sanda."

"Ni pamba safi, dada. Kinachuja vizuri."

"Mtu anatoka Muskati kuja kumwona ndugu yake, ndugu anamfunika sanda akiwa hai!"

"Nyamaza basi, maiti haisemi!"

Mama Chanelle alicheka mpaka pembe yake ikashuka. "Nyanyua, Odette!" watu wakapiga kelele. Babu akapima kwa mita ya mbao: mita mbili na nusu. Akazungusha lenzi. Akazungusha kitasa, namba saba ikapita kwenye kidirisha, nane ikasimama. Kisha akanyoosha mkono na kumpa Afrah kamera.

Afrah alirudi nyuma hatua moja. "Babu, mi niliiharibu. Mpe Mjomba."

"Rachid anatazama saa. We ulishika vizuri Alhamisi. Aliyefanya kosa ni ukucha wako, si kidole cha kubonyeza. Shika."

Afrah akashika. Safari hii hakufikiria kuona. Alifikiria mikono yake tu. Juu ya ngazi, Bibi Ghada alikuwa bado anamlaumu ndugu yake kuhusu sanda, na Babu alikuwa anajizuia kucheka huku mabega yakimtikisika. Rimwe. Kabiri. Gatatu.

Tik.

Babu alizungusha kitasa mpaka mwisho, mpaka kikawa chepesi. Akaingia chumba cha nyuma kwenye giza, akautoa mkanda, akaulamba utepe wa gundi na kuubandika ili mkanda usifunguke, akaukabidhi kwa Rachid umefungwa ndani ya karatasi. Rachid akaupokea kwa mikono miwili. Saa sita kasoro dakika mbili, gari liliondoka, na mkono wa Bibi Ghada ulipunga nje ya dirisha mpaka kona.

Vumbi lilipotulia, Babu alimgeukia mjukuu wake. "Sasa adhabu. Utamwandikia Bibi yako barua. Kwa mkono, si kwa simu. Utamweleza ulichofanya, hatua kwa hatua, bila kujipunguzia. Barua hiyo itaondoka pamoja na picha, ikitoka au isipotoka."

Afrah aliandika barua hiyo mara tano. Barua nne za kwanza zilimlaumu Chanelle kupita kiasi, na Babu alizirudisha zote.

Mwezi ulipita na wiki moja zaidi. Rachid alirudi kutoka Nairobi na bahasha ya kahawia. Babu alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo wateja walilizungumzia siku tatu, akapanga picha juu ya meza moja baada ya nyingine, nyeusi na nyeupe. Nne za kwanza zilikuwa safi. Ndagala za Mama Chanelle zilihesabika moja moja. Ya tano ilikuwa na doa jeupe lililommeza jirani mmoja nusu. Ya sita ilikuwa nyeupe tupu, kama ukurasa ambao hakuna aliyeandika.

Afrah aliitazama hiyo kwa muda mrefu. Hapo ndipo walipokuwa wamekaa, Babu na Bibi Ghada, Alhamisi ile. Hakuna mtu ambaye angewaona tena.

Kisha Babu akaweka ya nane. Wazee wawili wamekaa juu ya ngazi ya duka. Mmoja amenyanyua kidole na mdomo wake uko wazi katikati ya neno. Mwingine anacheka kwa mabega. Mwanga umewaangukia taratibu, kila kunjo la uso linaonekana, na kwenye pembe ya juu kuna mkono wa Chanelle umekaza kitambaa.

"Inafanana naye kabisa," Babu alisema, akafuta macho kwa ncha ya kile kilemba cha kufungia kamera. "Hata kwenye picha ananigombeza."

"Babu," Afrah aliuliza, "mbona hukunichapa?"

Babu alivuta kiti akakaa.

"Sikia, mwanangu. Kufungua kamera kuliharibu picha moja. Lilikuwa kosa, kwa sababu nilikukataza, ingawa nami nina sehemu yangu, sikukueleza. Lakini kunyamaza kungeharibu zaidi. Ya nane ningewapiga watoto wa avenyu. Mjomba wako angelaumiwa kwa jambo asilolifanya. Na dada yangu angepiga msumari, akangoja, akaletewa karatasi nyeupe, na mi sina tena Ghada wa kumrudisha kwenye ngazi. Mtu ukikosea, sema wakati aliyekosewa bado yupo mbele yako na bado kuna kitu cha kuokoa. We ulisema gari likiwa limeshapakiwa mizigo. Ulichelewa, ndiyo. Mara nyingine usichelewe hivyo. Lakini ulisema mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, na kwa sababu ulisema, hii hapa ipo."

Akachukua picha ya nane, akaiweka juu ya barua ya Afrah, akaziingiza zote mbili katika bahasha moja na kumpa aandike jina la Bibi Ghada kwa mkono wake.